Dada, ninunue taa gani za theluji?

Swali hili hunifikia kila mwaka majani yakishapukutika huku Minnesota. Safari hii limetoka kwa mdogo wangu mmoja wa Moorhead anayefanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Anatoka kazini alfajiri, bado kiza, upepo unavuma kutoka upande wa Fargo na theluji inapita mbele ya kioo ikiwa imelala mshazari. Mume wake ameshapata dawa: taa ndefu ya LED ya kufungwa juu ya paa, ile inayopanga vitaa kutoka kona hadi kona. Pesa iko tayari. Mdogo wangu anauliza, "Dada, nimkubalie?"

Usimkubalie. Ila mweleze taratibu, maana shemeji zetu na taa za gari ni mapenzi ya siku nyingi. Mtu aliyekulia Nairobi akishindanisha matatu kwa wingi wa spoti hatakuelewa haraka ukimwambia kuwa taa zinaweza kuzidi hadi dereva akashindwa kuona.

Kwenye theluji nzito, giza si tatizo lako kubwa. Tatizo ni weupe. Kati ya macho yako na barabara kuna chembe zisizohesabika zinazoanguka, na kila chembe ikiguswa na mwanga wa gari lako inakurudishia sehemu ya mwanga huo usoni. Ukiwahi kumulika tochi ndani ya jiko la kuni lililojaa moshi unalijua jambo hili: tochi ikiwa usawa wa jicho unaona moshi mtupu, ukiishusha hadi magotini unaanza kuona mafiga na masufuria. Taa ya paani inakaa karibu kabisa na mstari wa macho ya dereva, kwa hiyo inaiwasha theluji ileile anayojaribu kuchungulia katikati yake. Zaidi ya hapo inamulika boneti, na boneti nayo inamrudishia mwanga. Fulu ina kosa la jamaa hiyohiyo. Imefungwa chini, ndiyo, lakini inarusha mwanga juu na mbali, na ndiyo maana ukiiwasha kwenye dhoruba unajikuta umesimamishiwa ukuta.

Wanaolijua hili kuliko sote ni madereva wa malori ya kusukuma theluji. Taa zao hazina budi kukaa juu, kwa sababu lile bamba la mbele lingezifunika. Watafiti wa Rensselaer Polytechnic Institute, huko New York, waliwahi kulishughulikia suala la taa za malori hayo, na walichokiona hakimsaidii muuzaji wa taa za paani: sogeza taa mbali na mstari wa macho ya dereva, tuseme upande wa abiria, ubane mwali wake usimwagike ovyo, na kero ya mwanga unaorudi inapungua. Hawakusema ongeza nguvu.

Basi taa ya kutafuta ni taa ya ukungu ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu madukani kila kitaa cha duara kimebandikwa jina hilo. Ya kweli inakaa chini kwenye bampa, inatandaza mwanga kwa upana kuliko urefu, na juu mwanga wake unakatika ghafla kwa mstari mnyoofu, chini unaona, juu kiza. Usisome maneno ya kwenye boksi; lumeni elfu ngapi sijui haikuambii mwanga unakwenda wapi. Geuza taa yenyewe usome kioo chake. Kwa taa za soko la Marekani, herufi SAE zikifuatwa na F, hiyo ni taa ya ukungu ya mbele. Zikifuatwa na Y, hiyo ni ya kusaidia fulu, inafaa usiku mkavu mashambani ambako swala wanavuka barabara, si kwenye dhoruba. Kama kioo hakina alama yoyote, irudishe kwenye rafu. Kuna vitaa vingi vya bei poa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuendesha porini, na majimbo mengi yanakataza kuviwasha kwenye barabara ya umma.

Sheria nazo zinapendelea chini. Katika majimbo mengi ya Marekani taa za ukungu ni mbili, si zaidi, zifungwe kati ya inchi 12 na inchi 30 kutoka ardhini, na ukisimama futi 25 mbele ya gari mwanga mkali uwe umeshuka walau inchi 4 chini ya kitovu cha taa. Soma na sheria ya jimbo lako kabla hujatoboa bampa. Kuzipima ni kazi ya jioni moja: egesha futi 25 kutoka ukutani mahali tambarare, weka alama ya utepe kwa kimo cha kitovu cha taa, kisha rekebisha. Hakikisha gari lina uzito wake wa kila siku, kwa sababu mizigo ya nyuma ikiinamisha gari, pua inanyanyuka na mwanga unapanda.

Sasa usije ukanilaumu kwamba taa hizo hazifiki mbali. Hazikuumbwa kufika mbali. Kazi yake ni kukuonyesha ukingo wa barabara, mstari mweupe, na pale theluji ilipoanza kujikusanya, ukiwa kwenye mwendo wa maili 30 kwa saa au chini yake. Kwenye maili 55 gari linameza futi 80 kila sekunde, na hakuna taa ya ukungu inayokuokoa hapo. Tena ina hila moja ambayo wengi hawaambiwi: mwanga mwingi wa karibu, pale mbele ya bampa, unaridhisha moyo huku ukiyanyima macho yako uwezo wa kuona mbali. Unajihisi unaona vizuri na unaongeza mwendo, kumbe umeona kidogo zaidi. Kwa hiyo hewa ikitakata, zima. Na usizitumie badala ya dimu; kwa sheria ya Minnesota theluji ikianguka taa za mbele ziwake, iwe mchana au usiku.

Kuhusu rangi, najua mtaniuliza juu ya njano. Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia taa za mbele za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, na kutoka huko imani imeenea kwamba njano inapenya. Haipenyi. Chembe ya theluji ni kubwa mno kuchagua rangi, inarudisha zote. Lakini njano imeondolewa ule ubuluu unaochosha macho, na madereva wengi wanasema inawatuliza kwenye safari ndefu. Ukikuta njano na nyeupe bei moja, chukua njano. Ukiambiwa uongeze dola nyingi kwa ajili ya rangi, achana nayo. Nyeupe ya kuelekea buluu, ile ya 6000K inayosifiwa sana na vijana, usiiguse kabisa. Taa zinazoonekana za buluu zina wenyewe: malori ya theluji ya Minnesota humulika njano iliyokolea na buluu, na magari ya polisi unayajua.

LED au halojeni? Hapa nitakwenda kinyume na shemeji zangu wote. Globu ya halojeni inapoteza umeme mwingi kuwa joto, na wakati wa kiangazi huo ni ubadhirifu. Kwenye theluji joto hilo ndilo linaloyeyusha barafu juu ya kioo cha taa. LED inabakiza joto lake nyuma, mbele kioo kinabaki baridi, theluji inaganda juu yake, na baada ya maili kadhaa una taa mbili zimezikwa. Zipo LED zenye vioo vya kupashwa joto, ni nzuri na ni ghali. Kwa mtu wa shifti anayekwenda na kurudi, mimi nasema jozi ya halojeni ya wati 55 inatosha. Gari lako likiwa limekuja na LED kiwandani, usizing'oe. Weka brashi mlangoni, na kwenye kituo cha mafuta shuka uzifute, za mbele na za nyuma.

Kitu kimoja nakikataza kabisa: kununua globu za LED na kuzichomeka kwenye taa zilizotengenezwa kwa halojeni. Kioo na kiakisi kilipimwa kwa waya mmoja mdogo unaowaka mahali mahususi. LED haikai mahali pale kwa umbo lile, hivyo ule mstari wa kukata mwanga unaharibika na mwanga unavuja juu, kwenye theluji, na machoni mwa mwenzako anayekuja. Kwa taa kubwa za mbele, kanuni za shirikisho hazikubali mabadiliko hayo.

Lakini kabla hujafungua pochi, nenda nje uangalie taa ulizonazo. Gari la miaka kumi mara nyingi vioo vyake vya plastiki vimefifia na kuwa na ukungu wa njano kwa jua, na mwanga unatoka umetawanyika. Vipo vifaa vya kuving'arisha, na kazi yake ni ya asubuhi moja. Angalia pia kama bampa lako lina vifuniko vya plastiki pale chini pembeni. Watengenezaji wengi huuza gari lilelile likiwa na taa za ukungu na bila, na nafasi zake zinabaki. Taa za kiwandani za modeli yako, hata zikitoka kwenye gari lililovunjwa, zitakaa sawasawa kuliko chochote cha kutoboa.

Kama ni za kuongeza, mpe fundi umeme wa magari. Wati 55 mara mbili ni kama ampea 9, mzigo ambao usiupitishe kwenye swichi ya dashibodi. Uende kwa rilei, ukitoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15. Mwambie viungio vyote vizibwe na kupakwa grisi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani huku inakula shaba msimu mmoja tu.

Na nyuma je? Hapo ndipo roho yangu haitulii. Nyote mnaniandikia kuhusu kuona, hakuna anayeniandikia kuhusu kuonekana. Magari mengi huku yana taa za mchana zinazowaka zenyewe mbele huku nyuma pakiwa giza totoro. Swichi iko kwenye otomatiki, theluji nyeupe imeifanya sensa iamini ni mchana mweupe, na wewe unaona mwanga mbele ya bampa ukidhani mambo shwari. Lori linalokuja nyuma yako halioni kitu. Canada ililitambua tatizo hili, na tangu Septemba 2021 magari mapya yanayouzwa huko ni lazima yashughulikie taa za nyuma pia. Marekani usisubiri: theluji ikianza, geuza swichi kwa mkono hadi kwenye taa za mbele, na uone taa za nyuma zimewaka.

Baadhi ya magari, hasa ya kampuni za Ulaya, yana taa nyekundu kali ya ukungu nyuma. Alama yake kwenye dashibodi ni ya njano iliyokolea, wakati ile ya taa za ukungu za mbele ni ya kijani. Wengi wenu mnayo na hamjawahi kuigusa. Iwashe pale ambapo huoni gari la mbele yako, izime mara unapoliona, kwani ni kali na inaumiza macho ya anayekufuata. Kama gari lako halina, pesa ya shemeji ya taa ya paani ingefanya kazi nzuri zaidi hapo.

Sasa, mdogo wangu wa Moorhead, lako wewe peke yako. I-94 na I-29 zina malango, na dhoruba ikizidi yanafungwa. Hakuna taa niliyoitaja humu inayofaa kwenye barabara iliyofungwa, na msimamizi wa shifti hana mamlaka ya kuifungua. Piga 511 uulize hali ya barabara kabla hujavaa koti. Wakisema imefungwa, lala hapohapo kazini.