Mikono inapokufa ganzi katika safari ndefu ya pikipiki



Masomo yetu mengi katika gazeti hili ni ya mihogo, mahindi na karanga. Mara hii tunazungumza juu ya mkono, huu wenye vidole vitano, unaoshika jembe asubuhi na gido ya pikipiki mchana. Sababu ni hii. Msimu wa mavuno uliopita, memba mmoja anayekusanya mahindi ya wenzake alikuwa anarudi Manono kutoka upande wa Kiambi, na mifuko miwili nyuma yake. Alipofika kwenye daraja la miti alitaka kubana freni ya mbele, vidole vikakataa. Aliviona viko juu ya freni, lakini hakuvisikia. Aliponea kwa freni ya mguu. Mfuko mmoja uliingia mtoni, na hasara hiyo bado tunaizungumza katika hesabu za koperative.

Tulipomwuliza, alisema vidole vilianza kumchoma tangu asubuhi, kama kila wiki, na yeye alidhani ndiyo kawaida ya kazi. Tukauliza katika mkutano: nani mwingine mikono yake inakufa ganzi kwenye pikipiki? Karibu wote wanaoendesha waliinua mkono. Hata sisi tunaozunguka kuangalia mashamba ya mbegu tunaijua hali hiyo: unashuka, unataka kufungua kizibo cha chupa ya maji, kinakushinda kama wewe ni mtoto.

Kawaida siyo. Ni alama kwamba kitu fulani kinabanwa, na mara nyingi kinaweza kurekebishwa kwa ufunguo wa fundi na kwa kubadilisha tabia kidogo.

Ganzi inatoka wapi?

Mkono unapata hisia kupitia mishipa ya fahamu. Ile ya muhimu katika somo hili ni miwili. Wa kwanza unapita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga kwenye mlango unasikia kama umeme. Unashuka mpaka kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo, na unahudumia kidole kidogo na nusu ya kile kinachokifuata. Wa pili unapita katikati ya kiungo cha mkono, pale tunapovalia saa, ndani ya njia nyembamba ambamo kamba za vidole pia zinapita. Huo unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya pete.

Kwa hiyo angalia ni vidole gani vinavyokufa. Kama ni kidole kidogo na jirani yake, basi unaegemea kiganja juu ya gido, au umekunja viwiko muda mrefu. Kama ni gumba na vile viwili vinavyofuata, basi kiungo chako cha mkono kimepinda wakati unashika, na ile njia nyembamba imezidi kubanwa. Kama ni vyote pamoja, basi unabana sana, au pikipiki yenyewe inatetemeka kupita kiasi.

Mtetemo ni adui wa peke yake. Unachosha mishipa midogo ya damu ya vidole pamoja na ile ya fahamu. Jambo hilo linajulikana zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1911 munganga wa Italia, Giovanni Loriga, aliandika juu ya wachonga mawe waliotumia nyundo za hewa na vidole vyao vikawa vyeupe na kufa ganzi. Mwaka 1918 munganga Alice Hamilton aliona mambo hayohayo kwa wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana huko Marekani, hasa asubuhi za baridi. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2002 kuhusu mtetemo unaompata mfanyakazi. Hesabu ya sheria hiyo inaangalia vitu viwili pamoja: nguvu ya mtetemo, na saa ngapi mtu anauvumilia katika siku. Hapo kuna habari njema kwetu. Njia ya udongo hatutaiweka lami sisi, lakini saa tunaweza kuzipunguza, na nguvu ya mtetemo pia.

Turekebishe pikipiki kwanza

Anza na mikono ya freni na ambreyaji. Kaa juu ya pikipiki kama unavyokaa njiani, si kama unavyokaa ukipigwa picha. Nyosha vidole juu ya freni. Angalia kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole: inapaswa kuwa mstari mmoja ulionyooka. Kama mkono wa freni umeinuliwa sana, kiungo kinapinda kwenda juu siku nzima. Kama umeshushwa sana, kinapinda kwenda chini. Legeza bulo inayoushikilia, uuzungushe kidogo, kaza tena. Kazi ya dakika tano, haiombi franka hata moja, na kwa maoni yetu hiyo peke yake inasaidia kuliko vitu vyote vinavyouzwa sokoni. Pikipiki nyingi zinaendeshwa jinsi zilivyotoka dukani, kama kwamba waendeshaji wote wana urefu mmoja.

Halafu kamba ya ambreyaji. Ikiwa kavu au imeanza kukatika nyuzi ndani, mkono wa kushoto unafanya kazi mara mbili kila unapobadilisha vitesi, na kwenye mchanga unabadilisha mara ngapi? Tia mafuta ya injini, yashuke polepole ndani ya kamba. Ukiona bado inagoma, ibadilishe. Acha pia nafasi ndogo ya kucheza kwenye ncha ya mkono wa ambreyaji, upana wa kidole kimoja hivi.

Mipira ya kushikia ikishalika na kuwa laini kama sabuni, unabana zaidi ili usiteleze. Nunua mipya. Kama haipatikani, kata utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, uuzungushe vizuri, safu moja au mbili. Usizidishe, kwa sababu mpira mnene sana nao unachosha vidole. Na tahadhari kubwa: upande wa gazi, ukishamaliza kufunga, geuza gazi na uachie. Lazima irudi yenyewe mara moja. Ikibaki imefunguka hata kidogo, toa utepe wote na uanze upya kabla ya kuwasha injini.

Kwa mtetemo, mwombe fundi akague bulo zinazoshika injini kwenye fremu, rayo za magurudumu, beringi za usukani na amortisa. Bulo moja ya injini ikilegea, gido yote inaimba. Pine nazo tunazijaza hewa mpaka zinakuwa jiwe, eti kwa sababu ya mzigo. Ni kweli mzigo unaomba hewa zaidi nyuma, lakini pine ya mbele ikiwa ngumu namna hiyo kila jiwe linapanda moja kwa moja mpaka kwenye mikono. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki au katika kitabu chake. Kushusha hewa sana nako ni hatari, pine inaweza kutoboka au kutoka kwenye rimu.

(Tunaona pikipiki zilizovalishwa pindo, maua na viti vya rangi mbili, na mipira yake ya kushikia imekwisha kabisa. Kila mtu na mali yake.)

Mzigo unakusukuma mbele

Jambo hili mafundi hawalitazami, na kwetu wakulima ndilo kubwa. Tunapofunga mifuko, tunaanza kutoka nyuma na kuja mbele, mpaka mwendeshaji anabaki na nafasi ya kiganja kimoja cha kiti, magoti yake juu ya tangi. Mifuko inamlalia mgongoni. Kila akifunga freni, uzito wote unamsukuma, naye anajizuia kwa viganja. Safari ya saa nne ya namna hiyo ni sawa na kusimama kwa mikono.

Basi mwendeshaji akae kwanza, kisha mzigo ufungwe nyuma yake, ukamatwe na kamba kwenye fremu yenyewe usiweze kuteleza mbele. Acha nafasi ya ngumi moja kati ya mgongo na mfuko. Lakini usiusogeze nyuma mpaka upite mbali na gurudumu, kwa sababu hapo mbele panakuwa pepesi na gido inaanza kucheza, na utabana tena kuliko mwanzo. Ikiwa nafasi haitoshi kwa yote hayo, jibu ni kwamba mifuko imezidi. Tunajua jibu hilo halipendwi siku ya soko. Lakini ule mfuko uliobaki mtoni ulikuwa ndio wa kuzidi.

Namna ya kushika

Shika gido kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, asife. Uzito wako uwe kwenye kiti na kwenye miguu, magoti yakibana tangi. Ukikaribia mashimo, inuka kidogo juu ya vikanyagio, miguu ipokee mshtuko, viwiko vilegee. Mtu mwenye woga anabana, na njia mbaya inaleta woga. Kwa hiyo jikumbushe kila unapopita kijiji: mabega yashuke, vidole vilegee.

Pumzika kila saa moja, dakika tano mpaka kumi, hata kama ganzi haijaanza. Shuka kabisa. Kunja ngumi na kufungua mara ishirini, zungusha mikono kama mtu anayepanda mbegu kwa kutawanya, nyosha kiganja mbele kisha vuta vidole polepole kuelekea kwako. Kama ganzi imeshafika mpaka husikii freni, simama hapohapo na ungoje hisia irudi. Kutikisa mkono mmoja huku unaendesha na mwingine penye mchanga, tumeona matokeo yake.

Miezi ya sita na ya saba asubuhi ni baridi, na baridi inabana mishipa ya damu. Vaa glavu, lakini zisikubane. Glavu inayokaza ni mbaya kuliko kukosa glavu. Sigara pia inabana mishipa hiyohiyo. Na ukifika nyumbani, usichukue jembe au shoka saa ileile. Mkono uliotetemeka siku nzima unahitaji usiku mmoja. Ukilala, usiweke mikono iliyokunjwa chini ya kichwa.

Koperative zenyewe zinaweza kufanya sehemu yao. Mkusanyaji mmoja asipewe safari ndefu siku mbili mfululizo. Wawe wawili wanaopokezana. Vijiji vinavyofuatana njiani vikubaliane siku moja na mahali pamoja pa kukusanyia, ili zile safari ndogondogo zipungue. Na katika pesa za matengenezo, kamba ya ambreyaji na mipira ya kushikia viandikwe kwenye daftari kama vile mafuta ya injini yanavyoandikwa.

Ganzi ambayo si ya pikipiki

Ganzi ya safari inapaswa kuisha ndani ya saa chache. Ikiwa kesho yake asubuhi bado iko, au inakuamsha usiku, au unaangusha vikombe, fanya majaribio mawili. Kwanza, bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Ikitoka kirahisi, au gumba linakunjwa lenyewe ili kuishika, mshipa wa kidole kidogo unaumwa. Pili, gandamanisha migongo ya mikono miwili, vidole vikitazama chini, kwa dakika moja. Vikianza kuwasha au kufa ganzi, ni ule mshipa wa kati. Hata jaribio moja likionyesha hivyo, nenda kituo cha afya, na uwaambie unaendesha saa ngapi kwa siku. Ukikawia, nyama iliyo chini ya gumba inaweza kupungua, na ikishapungua sana ni vigumu kurudi.

Wapo pia wenye ganzi ambao hawajawahi kupanda pikipiki. Ugonjwa wa sukari unaleta ganzi, na mara nyingi unaanzia miguuni. Akina mama wenye mimba wanaweza kupata ganzi ya mkono usiku, na kwa wengi inaondoka baada ya kujifungua. Na tuseme bila kuficha: ukoma bado uko nchini mwetu. Ukiona doa kwenye ngozi, la rangi iliyofifia au nyekundu kidogo, lisiloumwa, na ukiligusa kwa pamba husikii, au vidole vinaanza kujikunja, usingoje msimu uishe. Dawa zake zinatolewa bure, Shirika la Afya Duniani limezileta bila malipo tangu mwaka 1995, na matibabu yanachukua miezi sita au kumi na miwili. Mgonjwa akianza mapema anapona na mikono yake inabaki mizima. Anayejificha kwa aibu ndiye anayepoteza vidole.

Yule memba wa daraja alikwenda kituo cha afya wiki iliyofuata. Mshipa wake ulikuwa umechoka tu, haujaharibika. Mkono wa freni ulikuwa umepinda juu tangu siku aliponunua pikipiki, na tuliugeuza sisi pamoja naye palepale uwanjani. Katika mkutano ujao, wenye pikipiki waje nazo, na mwenye ufunguo namba kumi asiusahau nyumbani.