Deki ipi haitanitupa?

Swali: Niko Rumangabo, nataka kununua deki ya diski huko Goma. Nichague ipi ili nisijute baadaye?

Jibu: Ndugu msomaji, achana na jina lililo kwenye boksi, geuza deki utazame mgongo wake. Yenye tundu la HDMI peke yake haitaingia kwenye televisheni ya kioo kinene. Yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe tu itakusumbua ukinunua televisheni mpya. Chukua yenye yote, pamoja na mlango wa flashi. Kisha uliza kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski zake zimetengenezewa. Kongo iko kanda ya 5, lakini diski ya filamu anayokuletea shemeji kutoka Brussels huwa ya 2, ya Montreal ya 1. Deki iliyofungwa kanda moja itazikataa, hata iwe ya bei gani.

Utasema deki ya Blu-ray inasoma na diski za DVD pia. Kweli, ila mashine nyingi za siku hizi za aina hiyo hazina yale matundu ya rangi, na Samsung yenyewe ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitatoa mpya kwa soko la Marekani. Kwako, deki ya DVD ya kanda zote inatosha. Nenda dukani na diski zako, zijaribiwe kabla hujalipa.