Umenunua fremu zenye wapangaji? Soma kabla hujapandisha kodi

Wengi wetu tunauza mtandaoni, faida ikijikusanya tunawaza kununua fremu. Mimi huku Mahurunga nilinunua tatu mwezi wa pili. Wapangaji walikuwa wanalipa elfu 20 kwa mwezi, jirani anachukua 35. Nikajua hapa nimeokota.

Kosa la kwanza: sikuomba kuona risiti. Kumbe wawili walishamlipa mwenye zamani mpaka mwezi wa sita. Ukinunua jengo unanunua na mikataba yake, huwezi kumdai mtu mara mbili. Hiyo miezi ya mbele ikatwe kwenye bei ya kununulia, mbele ya mashahidi, kabla hujatoa hela.

Wa tatu alikuwa mama fundi cherehani, analipa mwezi kwa mwezi. Nikampa wiki mbili tu, alipe 35. Akaniambia, "Mwanangu, mwezi wa tatu huu nani anashona? Subiri korosho." Sikusubiri. Akahama.

Fremu ikakaa tupu miezi mitano. Piga hesabu: 20,000 mara 5, laki moja imepotea. Mpangaji mpya akaingia kwa elfu 30, yaani nazidisha elfu 10 kwa mwezi. Miezi kumi ya kurudisha tu nilichopoteza! Na nguo zangu za mteja siku hizi natafuta fundi mbali.

Halafu ile 35 ya jirani, nilipofuatilia, fremu zake zina umeme na LUKU ya kila mpangaji. Zangu hazina. Bei ya soko ni ile watu wanayolipa kwa kitu kama chako. Mtwara mjini kipindi cha gesi, 2012 na 2013, kodi zilipanda kwa matumaini, baadaye walioipanga bei kwa matumaini walijionea.

Kisheria, ile Sheria ya Kudhibiti Kodi ya 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo kiasi mnapatana wenyewe. Ila mkataba wa muda maalum ukiwa haujaisha, huongezi katikati kama haukusema hivyo. Kama hakuna muda, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaangalia kodi inalipwa kila baada ya muda gani: analipa kwa mwezi, notisi ya kuvunja isipungue mwezi. Mimi wiki mbili zangu hazikuwa notisi.

Wale wawili niliwafuata mmoja mmoja, salamu kwanza. Tukaandika: elfu 20 mpaka mwezi wa tisa, 25 kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza na hela ikizunguka, na 30 mwaka unaofuata nikishaweka LUKU. Mmoja alitaka alipe miezi sita kwa mkupuo abaki kwenye 25. Nilikubali, hela hiyo ndiyo ilinunua waya. Karatasi ina sahihi zetu na ya mwenyekiti wa kijiji, kila mtu ana nakala yake.