Kuchagua Prosesa Yenye Mfumo Endeshi Huria

Swali: Shule moja ya Puge, wilayani Nzega, inataka kompyuta ndogo ya maktaba itakayotumia umeme wa jua. Eleza mambo matatu ya kuzingatia katika kuchagua prosesa yake.

Jibu:

(a) *Draiva ziwe na msimbo wazi.* Zilizokwisha kuingizwa katika kerneli kuu ya Linux ndizo bora. Draiva iliyofungwa hukwama kwenye toleo moja. Kiwanda kikiacha kuitunza, kompyuta inakosa marekebisho ya usalama ingawa bado ni nzima.

(b) *Usanifu wake uwe unakubaliwa na mifumo endeshi mingi.* Raspberry Pi ya kwanza (2012) ilikuwa na prosesa ya ARMv6, ilhali toleo la armhf la Debian lilidai ARMv7. Wajitoleaji walilazimika kuijenga Debian upya, ndipo ikapatikana Raspbian.

(c) *Itumie umeme kidogo.* Raspberry Pi hiyo, Model B, ilihitaji volti 5 na ampea 0.7:
P = VI = 5 × 0.7 = wati 3.5.

Zingatia: Usijibu tu "ichaguliwe yenye kasi kubwa." Shule iliyo mbali na fundi inahitaji kifaa ambacho mwalimu au mwanafunzi anaweza kukiwekea mfumo upya mwenyewe. Shirika la Powering Potential limekwisha kupeleka Raspberry Pi za umeme wa jua katika shule za sekondari za Tanzania.

Zoezi: Kompyuta tano za namna hiyo zikiwaka saa 6, zitatumia nishati kiasi gani? (Jibu: wati-saa 105)