Je, Mtoto Wetu Ataitwa Kusomea Udaktari? Tupige Hesabu Kabla ya Harambee



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka mwezi wa Januari, ofisi yetu hupata wageni. Huja mwenyekiti, mweka hazina na mzazi mmoja, na barua ya kuomba tuwasaidie kuandika kadi za harambee. Mtoto amepita, anataka kuwa daktari, kikundi kimekubali kumsukuma. Jambo zuri sana. Lakini tukiuliza, "Amepata alama gani katika Kemia?" mara nyingi hakuna anayejua. Tunaambiwa tu, "Amepata B plus, mwalimu amesema ni kichwa."

Sasa, kikundi kinachokopesha mwanachama pesa za ng'ombe wa maziwa huenda kwanza kumwona huyo ng'ombe. Humwangalia kiwele, huuliza amezaa mara ngapi. Kwa nini tukitoa pesa nyingi kuliko za ng'ombe watano tusiulize hata swali moja? Somo letu la safari hii ni hilo: namna ya kupima nafasi ya mtoto kuingia shule ya udaktari, bila kumvunja moyo na bila kujidanganya.

Tuanze na ukubwa wa msongamano. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, yaani wastani wa kuingia chuo kikuu. Waliopata A kavu walikuwa 1,693. Wengi wa hawa wa juu, pamoja na wenye A- nyuma yao, hujaza udaktari kama chaguo la kwanza. Kwa hivyo C+ inampa mtoto ruhusa ya kusoma digrii, lakini haimpi kiti katika udaktari. Haya mambo mawili watu huyachanganya kila siku, hata walimu wengine.

Anayegawa viti ni shirika la serikali linaloitwa KUCCPS, lililochukua kazi ya ile JAB ya zamani baada ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012. KUCCPS haiangalii wastani peke yake. Huchukua masomo manne yanayohusu kozi. Kwa udaktari ni Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kila somo lina alama 12 zikiwa ni A, 11 kwa A-, 10 kwa B+, 9 kwa B, na kuendelea kushuka. Manne yakijaa ni 48. Halafu hayo manne huchanganywa na jumla ya masomo yote saba, ambayo yakijaa ni 84. Ndiyo maana mtoto aliyeng'aa katika Biolojia na akazembea Historia hujikuta ameshuka. Historia haimo katika udaktari, lakini imo katika ile 84.

Tuchukue mfano. Msichana wa kwetu amepata Biolojia A- (11), Kemia B+ (10), Hesabu B+ (10), Kiswahili B+ (10), Kiingereza B (9), Fizikia B (9), na CRE A (12). Jumlisheni hapo kwenye benchi: 71 kati ya 84, ambayo ni wastani wa B+. Masomo yake manne ya udaktari ni 11, 10, 10 na 10, yaani 41 kati ya 48. Je, ataitwa?

Swali la kwanza ni kama ametimiza kiwango cha chini. Katika orodha ya KUCCPS, udaktari huhitaji angalau B katika kila moja ya yale masomo manne. Huyu ametimiza. Angekuwa na B- katika Kemia, hata wastani wake ungekuwa wa kupigiwa vigelegele, mlango ungekuwa umefungwa hapo hapo. Hapa ndipo harambee nyingi hukosea njia.

Swali la pili ni la ushindani. Alama ya mwisho ambayo KUCCPS humhesabia mtoto hupatikana kwenye ukurasa wake mwenyewe akiingia na namba yake ya mtihani. Iandikeni kwenye karatasi. Kisha tafuteni alama ya mtu wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliopita katika kila chuo. Katika vyuo vikubwa vya serikali, udaktari umekuwa ukifunga juu ya 40 kati ya 48, na Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye shule ya udaktari tangu 1967, huwa miongoni mwa vya juu zaidi. Msichana wetu, baada ya ule mchanganyiko, yuko hapo kwenye kizingiti. Anaweza kuitwa chuo fulani na kukosa kingine. Nyumbani wasiseme "hakika", na jirani naye asiseme "haiwezekani."

Mtoto wa namna hii tunamshauri ajaze vyuo kwa akili: kimoja cha kujaribu bahati, kingine ambacho alama zake zinalingana na za mwaka jana, na nafasi zilizobaki kozi ambayo yuko juu yake wazi na ambayo angeisoma kwa furaha, kama uuguzi, famasia au maabara. Mtoto anayejaza udaktari mahali pote ni kama mkulima aliyepanda kahawa hadi mlangoni bila kubakisha mahali pa viazi.

Halafu kuna vyuo vya binafsi. Karibu nasi kuna Kenya Methodist mjini Meru na Mount Kenya mjini Thika. Upande wa Kisumu kuna Uzima, cha kanisa letu. Anayeomba moja kwa moja huko na kujilipia anaweza kupata kiti hata kama alikosa kile cha serikali, mradi ametimiza kiwango. Lakini udaktari ni miaka sita, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Karo ya mlipaji binafsi hupimwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Kikundi kikichanga mwaka wa kwanza kwa kelele na ngoma, mwaka wa tatu nani atalipa? Tumeona wanafunzi waliorudi nyumbani wakiwa katikati, na huo ndio uchungu mkubwa kuliko kukosa kuitwa. Heri mzazi aandike miaka yote sita kwenye karatasi moja: bonasi ya chai itatoa ngapi, mkopo wa HELB ngapi, basari ngapi, kikundi ngapi. Pengo likibaki, lijulikane mapema, kabla shamba halijapelekwa kwa wakili.

Kabla ya kulipa chochote, ulizeni Baraza la Madaktari, KMPDC, kama linakitambua hicho chuo, na kama mwanafunzi ataandikishwa kwenye daftari la baraza. Wauguzi wana baraza lao, na maafisa wa kliniki lao. Chuo kisichotambuliwa humpa mtoto cheti cha kutundika ukutani tu.

Sasa tuseme alama hazikufika. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu huku kwetu kuna dharau fulani. Mtu akiambiwa mtoto ameitwa KMTC anasema, "Ah, alikosa." Lakini yule "daktari" anayewatibu kwenye kituo cha afya, anayepasua jipu na kugundua nimonia ya mtoto usiku, mara nyingi ni afisa wa kliniki aliyesoma diploma. Diploma za KMTC huhitaji wastani wa C, pamoja na alama zinazotakiwa katika lugha, Biolojia na sayansi nyingine. Husomwa kama miaka mitatu. Chuo kilianza 1927, na kina matawi Nyeri mjini, Murang'a, Embu, Meru na Nyahururu, kwa hivyo wengine wanaweza hata kulala nyumbani. Siku hizi maombi yake pia hupitia KUCCPS, na HELB hukopesha wanafunzi wake.

Kwa uuguzi kuna shule za hospitali za makanisa: Consolata Mathari hapa Nyeri, Tumutumu karibu na Karatina, Nkubu na Chogoria upande wa Meru. Muuguzi wa diploma anaweza baadaye kusoma digrii, kwa mfano hapo Dedan Kimathi, akiwa tayari ana mshahara wake. Njia ni ndefu, lakini anayeitembea anajilipia mwenyewe.

Neno kuhusu wanaotaka kupeleka watoto Marekani, maana tangazo la namna hii halikosi kwenye nguzo za stima mjini. Kule, mtoto hatoki kidato cha nne na kuingia shule ya udaktari. Kwa kawaida humaliza digrii ya kwanza, kisha hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. Shule zao ni za aina mbili: zile zinazotoa cheti cha MD, na zile za osteopathi zinazotoa DO, zilizoanzishwa na Andrew Taylor Still huko Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Wote wawili ni madaktari kamili nchini humo. Wanaoingia MD huwa na wastani wa MCAT wa karibu 511, na wa DO karibu 504, kwa hivyo mwenye alama za katikati huomba pande zote mbili. Hata hivyo, katika waombaji wa MD, wanaoingia ni kama 4 kati ya kila 10, na shule nyingi hazichukui mtu asiye na uraia au kibali cha kuishi huko. Na mjue kwamba Uingereza neno lile lile osteopathi lina maana nyingine: mtaalamu wa kukanda na kunyoosha viungo, ambaye si daktari wa kuandika dawa. Ajenti akikuletea barua ya "chuo cha osteopathi", swali la kwanza ni la nchi gani. Aliyesoma udaktari nje akirudi Kenya hufanya mtihani wa KMPDC kabla ya kupelekwa hospitalini kwa mazoezi.

Tusiwafiche pia mambo ya baada ya kuhitimu. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ilikuwa wahitimu kukaa nyumbani wakingoja kupelekwa mazoezini, na malipo yao huko. Mzazi anayehesabu kwamba mkopo wa kikundi utaanza kurudi mwezi ule wa kuhitimu aongeze muda.

Kuhusu kurudia mtihani: inaruhusiwa, na wapo waliopanda. Ila darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027, kwa hivyo muda huo ni mfupi. Kurudia kuna maana kama mtoto alikosa kidogo katika somo moja au mawili na sababu inajulikana, tuseme aliugua. Aliyepata D katika Kemia baada ya miaka minne ya kujaribu kweli, tusimrudishe kwa ajili ya heshima ya ukoo. Na wazazi wenye watoto wa Grade 10, ulioanza Januari 2026, angalieni sasa: anayetaka mambo ya tiba awe katika mkondo wa STEM, na Biolojia na Kemia ziwe kati ya masomo aliyochagua.

Kazi ya mkutano ujao

Mtoto mwenyewe awepo, si mzazi peke yake. Aje na karatasi ya matokeo na ile alama ya KUCCPS. Katibu aandike majibu.

Ametimiza kiwango katika kila somo kati ya yale manne? Alama yake iko juu au chini ya ya mtu wa mwisho wa mwaka jana, na kwa kiasi gani? Akikosa udaktari, yeye mwenyewe anataka kozi gani ya pili, na amewahi kukaa siku moja katika zahanati akiona kazi hiyo ikifanywa? Karo ya mwaka wa tatu itatoka wapi? Na kikundi kikitoa pesa, ni zawadi au ni mkopo, na nani ataweka sahihi?