Kufundisha Watoto wa Shule Kuhusu Mafuriko: Butembo na Beni

Somo la mafuriko huanzia kwenye paa la shule. Mji wa Butembo, Kivu Kaskazini nchini Kongo, umejengwa juu ya vilima, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700, na maji yanayoujaza mto Kimemi hutoka kwenye mabati, njia za udongo na mashamba ya mitelemko. Mtoto anayeonyeshwa mto peke yake hudhani mto ndio wenye kosa.

Hesabu ndiyo mlango mzuri. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Wanafunzi wa mwaka wa tano wapime paa lao kwa kamba. Likiwa na mita 30 kwa 8, mvua ya milimita 30 italimwagia lita 7,200, yaani bidoni 360 za lita 20. Watoto wanaochota maji kila siku wanajua uzito wa bidoni moja mgongoni, na hapo mwalimu huuliza swali moja tu: hizo 360 zimeenda wapi? Jibu hutafutwa nje, kwa kufuata alama za maji uani mpaka mtaroni, kisha bondeni. Matembezi haya hufanywa mvua ikishakatika. Katika mji jirani wa Beni, ambako mauaji ya raia yamekuwa yakitokea tangu 2014, matembezi yasivuke mtaa wa shule. Mtelemko mmoja mfupi unatosha.

Jaribio linalofuata halihitaji fedha. Chupa mbili za plastiki hukatwa ubavuni kwa urefu na kulazwa kwa mwinamo, midomo ikielekea chini. Moja hujazwa udongo mtupu, nyingine udongo wenye majani yaliyoota pamoja na mizizi yake. Zote humwagiwa maji sawa, polepole, na kinachotoka mdomoni hukingwa kwa kikombe. Wanafunzi waandike mambo matatu: maji yameanza kutoka lini, yamekoma lini, na rangi yake. Walimu wengi hutazama rangi tu, ilhali muda una uzito zaidi. Maji yakichelewa kushuka, hayafiki mtoni yote kwa wakati mmoja, na mto hupata nafasi ya kuyapitisha.

Kutoka hapo njia za asili za kupunguza mafuriko zinaeleweka bila maneno mengi: kuyapunguzia maji kasi, kuyazamisha ardhini, na kuyaachia mahali pa kutandaa. Kulima kwa kukata mtelemko, kupanda mistari ya matete kando ya mitaro ya kontua na kuacha bonde la mto bila nyumba ni kazi ambazo watoto wanaweza kuzitambua mtaani. Wazee waulizwe pia. Katika Kivu, mitaro ya kuzuia mmomonyoko ililazimishwa na wakoloni wa Kibelgiji, na chuki ya kazi ile ya shuruti ilifanya wengi waiache. Mikaratusi inastahili mjadala wa kweli darasani: mizizi yake hushika udongo, lakini majani yaliyoanguka yakizolewa kuwa kuni, chini hubaki patupu na maji hukimbia.

Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, wanafunzi wanaweza kuweka vizuizi vidogo vya fito na mawe katika mfereji wa uani. Kizuizi kiwe na mianya. Kikizibwa kabisa, maji hujikusanya na kukibomoa kwa kishindo.

Mipaka ya kazi hii isifichwe. Mwezi wa tano 2023, maji na matope yaliviangamiza vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kivu Kusini, na kuua watu zaidi ya 400. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, nchini Uganda, mto Nyamwamba uliharibu mji wa Kasese mwaka 2013 na tena 2020. Udongo ukishashiba, mvua kubwa huushinda msitu pia, na mlima wenyewe unaweza kuporomoka. Kwa watoto waliopoteza ndugu, habari hizi zisemwe kwa upole, bila kuwalazimisha kusimulia.

Kwa hiyo kila darasa lifundishwe kuokoka: kutovuka maji yaendayo kasi hata yakiwa ya magotini, kutosimama chini ya ukingo uliopasuka, kukimbilia juu kwa upande mmoja, wakubwa wakiwashika wadogo mkono. Zoezi hilo lifanyike mwezi wa tisa, masomo na mvua vinapokutana, na lirudiwe mwezi wa tatu.