Somo: Sala na Wajibu wa Nyumbani



Tuseme yupo mama anayejifunza dini kwa bidii. Alfajiri yumo kanisani, mchana yumo kanisani, jioni ameshika rozari. Huku nyumbani mtoto ana homa na hapati wa kumpa maji, moto umezimika, mume arudi kutoka shambani, hakuti chakula. Mwishowe mume asema: «Mungu huyo amenipokonya mke.» Je, mume huyo atatamani kubatizwa?

Sikilizeni habari za Mtakatifu Fransiska wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1384. Alitaka kuwa mtawa, lakini aliozwa kwa Lorenzo. Alipenda sala mno. Hata hivyo alifundisha kwamba mwanamke mwenye ndoa, kazi ya nyumba ikimwita, aache sala yake, akamkute Mungu katika kazi ile. Husimuliwa kwamba siku moja aliitwa mara nne akiwa katika aya moja ya sala. Kila mara aliondoka bila kunung'unika, kisha akarudi kusali. Mwaka 1425 alianzisha shirika la wanawake wa sala na huruma. Lakini hakwenda kukaa nao mpaka mumewe alipokufa, mwaka 1436. Papa Paulo V alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1608.

Akina baba nao wasikie. Bwana wetu Yezu Kristu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada, wakidai mali yao imekwisha kuwa sadaka ya Mungu (Marko, sura ya 7). Mungu hapokei sadaka iliyoibwa nyumbani.

Basi, tuache kusali? Hasha! Fransiska aliikatiza sala, hakuiacha. Sala ya asubuhi na ya jioni, na Misa ya Dominika, tuzishike. Lakini mama anayeuguza mtoto, naye hana wa kumwachia, hakosi akikosa Misa. Na sala tunazojiongezea wenyewe, hizo zipishe wajibu.

MAULIZO

1. Mtu aweza kumkosea Mungu kwa kisingizio cha sala?
Aweza, akiacha wajibu wa hali yake.

2. Mume asiye Mkristu huvutwaje kwenye dini?
Huvutwa akiona kwamba tangu mkewe aanze kusali, upendo umezidi nyumbani.

Azimio: Leo, kabla ya kushika rozari, nitajiuliza: ni nani nyumbani angali akiningoja?